Ukuta wa mbao Kibosho: tatizo liko nyuma, si mbele

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina nyumba ya bloku Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, imeshapigwa lipu. Ukuta wa mbele unatazama kusini, upande wa Moshi mjini. Una urefu wa mita 9, mlango mmoja na madirisha mawili, na nataka kuuvisha mbao. Fundi anasema ninunue saiprasi, atandaze nailoni nyeusi ukutani, agonge mbao juu yake, halafu tumalizie na vanishi. Jirani alifanya hivyohivyo, na sasa mbao zake zimeoza kwa nyuma ingawa kwa mbele zinaonekana nzima. Nichague mbao gani, nahitaji ngapi, na nizitunzeje?

JIBU: Dada, mbao za jirani yako zimeshajibu nusu ya swali. Mvua inapiga mbele lakini uozo umeanzia nyuma. Sababu ni kwamba mbele panalowa na kukauka, na nyuma pakilowa hapana njia ya kukaukia. Kuvu wanaoozesha mbao hawana kazi kwenye mbao kavu. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mbao, hawaoti. Ukipanda juu ya hapo na kubaki wiki kadhaa, kazi yao inaanza. Kwa hiyo usitafute ukuta ambao maji hayaingii kabisa, maana haupo. Tafuta ukuta ambao maji yakiingia yanatoka, na kilichobaki kinakaushwa na hewa.

Hapo ndipo nailoni inapoharibu. Maji hupenya kwenye maungio, kwenye matundu ya misumari na pembeni mwa madirisha. Jua likipiga, unyevu ulio ndani ya mbao unasukumwa kuelekea nyuma, unakutana na nailoni, na baridi ya usiku ya huko juu inaugeuza matone. Mbao imebanwa kati ya nailoni na vanishi. Fundi wako hajakosea kuhusu saiprasi, ila kwenye nailoni na vanishi usikubali.

Nyuma ya mbao weka nafasi ya hewa. Juu ya lipu simamisha papi, yaani fito za mbao za inchi 2 kwa 2, kwa wima, ndipo mbao zigongwe kwenye papi. Unapata uwazi wa milimita 45 hivi kutoka chini hadi juu. Maji yakipenya yanateremka na kutokea chini, na hewa inapanda kama kwenye bomba la moshi. Kwa kuwa ukuta wako ni wa bloku wenye lipu, huhitaji karatasi yoyote nyuma. Ziba nyufa za lipu kwanza, basi. Ungekuwa na nyumba ya fremu ya mbao tupu, hapo ungehitaji karatasi inayozuia maji lakini inapitisha mvuke, na hiyo ni habari nyingine.

Mbao gani

Saiprasi inafaa, kwa sharti moja: uchague yenye kiini kingi. Kiini ni ile sehemu ya ndani ya mti, yenye rangi ya kahawia nyepesi na harufu kali. Sehemu ya nje iliyopauka haina kinga yake yenyewe, huoza na kuliwa kama paina. Miti ya mashambani huvunwa ikiwa bado michanga, kwa hiyo kwenye rundo moja utakuta mbao zenye kiini upana wote na nyingine zenye kiini kidole kimoja tu. Usiagize kwa simu. Nenda mwenyewe, geuza moja moja, tazama ncha. Vifundo vidogo vilivyoshikamana havina neno. Kifundo cheusi chenye mstari wa mviringo kukizunguka kitadondoka na kuacha tundu.

Paina ya shamba, hasa iliyotoka West Kilimanjaro au Rongai, ni laini na haina ustahimilivu wake wenyewe nje. Lakini ina sifa ambayo kiini cha saiprasi hakina: inakunywa dawa vizuri. Ikitiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, inadumu. Ushauri wangu ni kuchanganya: uso wa ukuta uwe saiprasi ya kiini, na papi ziwe paina yenye dawa, kwa sababu papi hutaziona tena na ndizo zinazobeba kila kitu.

Angalia usiuziwe rangi ukidhani ni dawa. Mbao iliyotiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki huwa na ukijani, na kuna wanaopaka ukijani huo kwa brashi. Mwombe muuzaji akate mbao moja sentimita 30 kutoka ncha. Ukijani ukiwa umezama milimita kadhaa kuzunguka sehemu yote laini, ni dawa. Ukiwa kama ganda la yai juujuu, ondoka. Baada ya hapo, kila utakapokata papi paka dawa ya mbao kwenye ncha mpya, kwa sababu umefungua sehemu ambayo haikufikiwa. Tena hili ulisimamie mwenyewe: vipande na maranda ya mbao hizo visiingie jikoni wala kwenye banda la kuku. Arseniki haiungui ikaisha; inabaki kwenye moshi na majivu. Anayekata avae barakoa.

Mgrevilia upo kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, na unaweza kukushawishi kwa kuwa pengine unao nyumbani. Uso wake unapendeza, lakini bungua na mchwa wanaupenda pia. Utumie ndani, kwenye dari au kabati. Mkaratusi unajipinda na kupasuka ukikauka. Ubaki kwenye nguzo. Mtiki kutoka Muheza na mninga ni bora kuliko vyote nilivyotaja, ila kwa ukuta mzima utalipa pesa ya samani kwa kazi ya ukuta. Mwangati na mkamfa wa msitu wa mlimani usiziguse. Msitu huo ni wa hifadhi, na mbao zinazoletwa usiku bila karatasi zinaweza kukupeleka wewe mahakamani, si muuzaji. Kwa mbao yoyote, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile watu wanayoiita TP.

Ukavu

Hapa ndipo kazi nyingi za Moshi na Arusha zinapoharibika kabla hata msumari wa kwanza haujagongwa. Mbao mbichi ikigongwa ukutani itakaukia ukutani, na itakauka kwa kujipinda na kupasuka. Hata mbao iliyokauka huendelea kupumua: inavimba masika na kusinyaa Januari na Februari. Kwa saiprasi na paina, chukulia robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Mbao ya milimita 145 ikishuka kutoka unyevu wa asilimia 18 hadi 12 itasinyaa zaidi kidogo ya milimita 2. Kumbuka hizo milimita 2, tutazirudia kwenye misumari.

Nunua mapema na uanike mwenyewe. Panga mbao chini ya paa, mahali hewa inapopita, juu ya matofali yaliyonyanyuka sentimita 30 kutoka ardhini. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya sentimita 2, kila sentimita 60, vikiwa vimepangana wima kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikaa upande, mbao inajipinda hapo na haitanyooka tena. Juu kabisa weka matofali kama uzito. Usianike juani, maana uso unakauka haraka kuliko ndani na mbao inapasuka. Ncha zipake rangi yoyote ya mafuta iliyobaki nyumbani, kwa kuwa ncha hupoteza maji kwa kasi kubwa kuliko uso. Mbao ya inchi 1 ikinunuliwa Juni, wingu na ubaridi wa Juni hadi Agosti huko Kibosho vitaichelewesha. Ipe miezi 3. Kule Kisongo, Arusha, kwenye upepo mkavu ingekuwa tayari mapema zaidi.

Utajuaje imekauka? Weka alama mbao 3 na uzipime kila Jumamosi kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia kahawa. Uzito ukikataa kushuka wiki 2 mfululizo bila mvua, mbao imekubaliana na hewa ya mahali hapo. Ukitaka namba kamili, kata kipande kutoka katikati ya mbao, kipime, kikaushe kwenye oveni kwenye nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, ukipime upya. Gawanya maji yaliyotoka kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 236 kikibaki gramu 200, kimetoa 36. 36 kwa 200 ni asilimia 18. Lengo lako liwe kati ya 14 na 17. Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kipo hapohapo Moshi, na fundi aliyepita kwenye mafunzo ya aina hiyo hatakushangaa ukimwuliza habari za unyevu. Anayecheka ukiuliza, mwache.

Mahesabu ya ukuta wako

Hukunipa urefu wa kwenda juu, kwa hiyo nachukua mita 2.7 za mbao kuanzia sentimita 30 juu ya ardhi, mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha ya 1.5 kwa 1.2. Badilisha namba zangu kwa zako.

Ukuta mzima ni 9 mara 2.7, yaani mita za mraba 24.3. Toa mlango 1.89 na madirisha 3.6, unabaki na 18.81. Mbao ya inchi 1 kwa 6 ikipigwa randa inabaki kama milimita 20 kwa 145. Mbao zilale kwa mlalo na kulaliana kama magamba ya samaki, ya juu ikifunika ukingo wa ya chini. Mfumo huu hausumbui fundi na unasamehe kusinyaa. Mbao zenye ulimi na mfereji zinapendeza zaidi lakini zinadai mashine nzuri na mbao kavu kwelikweli. Zikisinyaa ulimi unachomoka kwenye mfereji, zikivimba zinasukumana na kuinuka.

Mbao zikilaliana kwa milimita 30, utaishia juu na kipande chembamba cha kuchana, na kitaonekana kibaya kuliko vyote. Gawanya kwanza: mbao ya chini inafunika 145, zilizobaki 23 zinagawana milimita 2,555, kila moja inaonekana 111. Mlalio basi ni 34, na unapata mistari 24 kamili. Sasa 18.81 gawanya kwa 0.111 ni mita 169.5. Ongeza asilimia 12 ya kupotea, ni mita 190. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo unahitaji mbao 52. Ongeza 4 za akiba uzihifadhi darini. Miaka 6 baadaye hutapata mbao zenye unene uleule.

Papi zisimame kila sentimita 60. Kwa mita 9 ni 16, pamoja na pande mbili za mlango na za kila dirisha, 6, jumla 22. Ukipata za futi 9 hutakata kitu, kwa kuwa futi 9 ni mita 2.74. Vipande vya juu na chini ya madirisha vitatoka kwenye mabaki na papi moja au mbili za ziada. Nafasi ya sentimita 60 haikuchaguliwa ovyo: mbao ya futi 12 inakaa juu ya nafasi 6 kamili, mita 3.6, na unabaki na sentimita 6 za kukata ncha zilizopasuka.

Papi zishikwe na skrubu za inchi 4 na plagi za plastiki, 5 kwa kila papi, nunua 130. Misumari ya mbao iwe ya inchi 3 iliyopakwa zinki, kilo 3. Usikubali misumari ya kawaida. Itapata kutu, na asidi iliyo kwenye saiprasi ikigusana na chuma inatoa michirizi myeusi inayoteremka ukutani kama machozi. Kuiondoa kwa msasa ni kazi ngumu.

Kuipandisha

Kabla ya kitu chochote kupanda ukutani, mbao zote zipakwe praima, yaani rangi ya kutangulia, pande zote 6: uso, mgongo, kingo na ncha. Mafundi hulalamikia hatua hii kwa sababu inachukua siku 2 na haionekani. Bila hiyo mbao inakunywa unyevu upande mmoja tu na kujikunja. Mbao 52 zina mita za mraba 63 kwa jumla. Kwa lita 1 kwa mita za mraba 10 ni lita 6 na zaidi kidogo. Mgongo usiopigwa randa hunywa zaidi, kwa hiyo nunua makopo 2 ya lita 4.

Anza na papi za kona mbili. Zinyooshe kwa timazi, vuta uzi kati yake, na papi zote za kati ziguse uzi. Lipu ikiwa na bonde, chomeka kibanzi cha mbao yenye dawa nyuma ya papi penye skrubu. Ukuta usionyooka ukiuacha hapa, utausoma kwenye kila mstari hadi juu. Nyaya za umeme zitakazopita kwenye uwazi ziwe ndani ya bomba lake, na uandike zilipo kabla hazijafunikwa.

Chini kabisa, kati ya papi na papi, weka wavu. Wavu wa waya wa kuanikia kahawa unazuia panya, lakini nyuki anapita, na uwazi mkavu wenye kivuli nyuma ya mbao ni mzinga mtupu unaosubiri mwenyewe. Tumia wavu wa mbu wa chuma au alumini, uukunje mara mbili. Fanya hivyohivyo juu, ambako utaacha milimita 15 chini ya dari ya nje ili hewa itoke. Usizibe chini kwa saruji wala silikoni hata ukiambiwa panaonekana pabaya.

Mbao ya kwanza inahitaji kibao cha kuanzia chenye unene wa milimita 20 nyuma ya ukingo wake wa chini, ili ipate mwinamo sawa na zitakazofuata. Iweke sawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, maana pima maji ya sentimita 60 itakudanganya kwenye mita 9. Kisha chukua ufito mnyoofu, weka alama zote 24, na uhamishie alama hizo kwenye papi za kona na za madirisha. Sogeza milimita 2 au 3 hapa na pale ili mstari mmoja uangukie sawasawa chini ya dirisha. Jicho halioni tofauti ya milimita 2 kwenye mlalio. Linaona haraka sana kipande kilichochongwa chini ya dirisha.

Upande wa kiini utazame nje. Tazama ncha ya mbao: mbao ikikauka hujikunja kinyume cha miviringo ya mti. Kiini kikiwa nje, kingo zinakumbatia ukuta. Ukigeuza, kingo zinafunguka na kukaribisha maji.

Msumari ni mmoja kwa kila papi, milimita 45 kutoka ukingo wa chini wa mbao. Hapo unapita milimita 10 hivi juu ya kichwa cha mbao ya chini bila kuigusa. Kila mbao inashikwa chini na msumari wake, na juu inabanwa tu na mwenzake. Hizi ndizo zile milimita 2: mbao inasinyaa na kuvimba kuelekea juu, na hakuna wa kuizuia. Fundi akigonga msumari wa pili juu, au akipitisha msumari kwenye mbao mbili kwa pamoja, ameibana pande zote mbili na itapasuka katikati, kwa kawaida kiangazi cha kwanza. Karibu na ncha toboa kwanza kwa drili ya milimita 3. Na asimalizie nyundo kwa nguvu. Nyuma ya hapo pana uwazi, pigo la mwisho linaivunja mbao. Kichwa cha msumari kikigusa uso, basi.

Maungio yaangukie katikati ya papi, na maungio ya mstari mmoja yasifuatane na ya mstari wa juu yake. Yaachane angalau papi 2. Kila ncha iliyokatwa ipakwe praima tena kabla ya kugongwa. Mpe kijana mmoja kopo na brashi, kazi yake iwe hiyo tu kutwa nzima. Ncha ndiyo mdomo wa mbao.

Juu ya kila dirisha na mlango weka bati lililokunjwa: mguu mmoja uinuke nyuma ya mbao ukutani sentimita 7, katikati literemke kidogo kwenda nje, na mbele likunjwe chini sentimita 1 na nusu. Mbao inayokaa juu ya bati isiliguse, acha milimita 10. Hapo silikoni ni marufuku, kwa sababu maji yaliyoingia juu yanatokea hapo. Silikoni iende kwenye pembe za pembeni mwa fremu tu. Kibao cha chini ya dirisha kitokeze milimita 35 nje ya mbao, na chini yake pitishe mfereji mwembamba kwa msumeno, ili tone likifika hapo lidondoke badala ya kurudi ukutani.

Kuhusu ukuta wenyewe kutazama kusini. Mvua za huko hupanda na upepo wa kusini mashariki, kwa hiyo umechagua ukuta unaopigwa zaidi. Kwa jua una nafuu. Tuko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na Desemba jua la adhuhuri linaegemea kusini kama nyuzi 20 tu kutoka utosini. Paa likitokeza sentimita 90, kivuli kinateremka karibu mita 2.5. Kuta za mashariki na magharibi hazina bahati hiyo, jua la asubuhi na jioni linazichoma usoni. Kama paa lako limetokeza sentimita 40, rekebisha paa kwanza, na gata ziwepo. Hela ya mbao isubiri.

Vanishi, oili chafu na rangi

Vanishi ya kung'aa inakufa haraka nje. Inapitisha mwanga wa jua, mwanga unakula gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za uso wa mbao, na vanishi inabaki imeshika vumbi. Inaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua, na kila ukitaka kurudia lazima uiondoe yote kwa msasa. Mwingine atakuambia upake oili chafu ya gari. Inafukuza wadudu kwa muda, kweli, lakini haikauki, inakamata vumbi lote la Februari, inachafua nguo, inadondokea kwenye bustani, na rangi haitashika juu yake tena.

Una njia 2 za maana. Ya kwanza ni mafuta ya mbao yenye rangi ndani yake, yanayozama. Chembe za rangi ndizo zinazozuia jua. Hayabanduki, yanafifia tu, na kurudia ni kuosha na kupaka. Ukichagua hii, safu ya kwanza ya pande zote 6 iwe mafuta hayohayo, si praima. Ya pili ni rangi ya maji ya nje juu ya praima, mikono 2; kwa ukuta wako lita 5 zinatosha. Rangi hudumu zaidi lakini inaficha mbao uliyoitafuta kwa shida. Kwa Kibosho ningechagua mafuta ya kahawia. Rangi nyeusi nzitonzito epuka, inapasha mbao joto na kuongeza mipasuko.

Utunzaji

Mara 2 kwa mwaka zunguka ukuta na bisibisi mkononi: Februari kabla ya masika, na Juni baada yake. Chomeka kwenye ncha za chini, chini ya madirisha na kwenye maungio. Bisibisi ikizama bila nguvu, uozo umeanza. Tazama zile sentimita 30 za msingi ulizoziacha wazi. Ziliachwa ili matone yanayoruka kutoka kwenye udongo mwekundu yasifike kwenye mbao, na pia ili mchwa wasipite bila kuonekana. Wakipanda watajenga njia ya udongo juu ya saruji nawe utaiona. Ivunje, tafuta inakotoka, mwite wa dawa. Kwa hiyo usipange kuni hapo, usipande maua ya kupanda ukutani, na migomba iondoke angalau mita 1 na nusu. Mwaga kokoto chini ya ukuta upana wa sentimita 50.

Vumbi na utando oshea kwa brashi laini, sabuni ya maji na mpira wa bustani, ukianzia chini kwenda juu na kusuuza kutoka juu. Mashine ya kuoshea magari inaingiza maji nyuma na kung'oa nyuzi. Ukungu mweusi, ambao utaupata baada ya masika, paka jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 3, uache dakika 15, suuza sana. Jiki isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, inatoa gesi ya hatari.

Mafuta yarudiwe kila baada ya miaka 2 hadi 3. Njia ya kujua ni kunyunyiza maji: yakisimama kama shanga, subiri, yakinywewa na mbao kugeuka nyeusi, wakati umefika. Rangi kagua kuanzia mwaka wa 5.

Ikitokea mbao moja imeoza, usivunje ukuta. Inua taratibu ukingo wa mbao iliyo juu yake kwa patasi pana na kabari za mbao, pitisha utepe wa msumeno wa chuma kwa chini, ukate msumari unaoibana. Fanya vivyo hivyo kwa misumari ya mbao iliyooza yenyewe, uivute chini itoke. Ingiza ile ya akiba uliyoihifadhi darini, ikiwa imeshapakwa pande zote 6, uigonge msumari mmoja kwa kila papi. Kisha rudisha msumari mpya kwenye mbao ya juu, sentimita 2 pembeni mwa tundu la zamani, na uzibe tundu hilo kwa kijiti chenye gundi.